Samaki Aliyeletwa Mzima

Wapendwa, wanaokula samaki hebu wainue mikono. Asanteni. Mzee wa kanisa hapo mbele, mkono mmoja unatosha, huo wa pili shusha, samaki mwenyewe hayupo. Haya, shusheni wote mnisikilize, maana mkitoka hapa wengine wenu hamtagusa samaki wiki nzima, na akina mama wa sokoni watanishitaki kwa askofu.

Alikuwepo mvuvi mmoja huko ziwani. Pande la mtu, sauti kama spika ya mnadani. Pale mwaloni, mitumbwi inapopandishwa na samaki wanaposhushwa, yeye ndiye alikuwa redio ya watu. Wengine wakishusha samaki, yeye anashusha vichekesho. Lakini redio yoyote ina kitufe cha kuizima, na wenzake walikijua cha kwake. Ukimwuliza tu, "Nyumbani unakwenda lini?" kimya. Betri imekwisha.

Miaka kumi na moja hakuwa amekanyaga kwao. Kwao ni mbali, nchi kavu, siku mbili za safari, mahali ambapo samaki hufika amekauka kama soli ya kiatu. Alipoondoka alimwambia mama yake, "Msimu mmoja tu, mama, narudi." Msimu ukaisha akaona aibu kurudi mikono mitupu. Wa pili akaona aibu kwa sababu ya ule wa kwanza. Mnaijua aibu inavyozaliana? Haihitaji hata mume.

Asubuhi moja simu yake ikalia. Ni dada yake, aliyebaki na mama.

"Kaka, mama hali. Leo siku ya tano. Uji anatema, maziwa anatema. Macho hayaoni tena, na mgongo umetoka vidonda kwa kulala. Nimemwuliza, mama, moyo wako unataka nini? Unajua kasema nini?"

"Kasema nini?"

"Supu ya samaki wa mwanangu. Hivyo hivyo. Si wa kukaushwa, anataka mbichi wa ziwani, aliyevuliwa na wewe. Kaka, njoo naye. Akila huyo, tutamwongezea na uji, na akipata nguvu..."

Dada hakumaliza. Nyote mliowahi kuuguza mnajua kwa nini hakumaliza.

Na siku hiyohiyo, wapendwa, kabla jua halijapanda, wavu wake ukatoa sangara ambaye hajawahi kuona mfano wake. Urefu wa mtoto wa darasa la pili. Alishushwa mwaloni bado anapiga mkia. Lile pande la mtu likakaa kwenye ukingo wa mtumbwi likalia mbele za watu, halijali.

Akaja mama mmoja mkaanga samaki, mikono imejaa makovu ya mafuta ya moto, kashika kisu na beseni.

"Leta nimtumbue, mwanangu. Siku mbili njiani si mchezo. Tunatoa utumbo, tunatoa mashavu, tunaosha ile damu ya kwenye uti wa mgongo. Barafu tunajaza tumboni kwanza, halafu ndiyo nje. Atafika kama amevuliwa jana."

"Acha kisu, mama. Kwetu zawadi haifunguliwi njiani. Kuku anafika na manyoya yake, mbuzi anafika na kwato zake. Mgeni anaingia na kitu kizima, kinafunguliwa mbele ya mwenye nyumba. Leo mimi nimpelekee mama yangu samaki anayefanana na mtu aliyetoka upasuaji?"

"Kwenu mna ziwa?"

"Hatuna."

"Basi hiyo desturi ni ya kuku, baba. Kuku anakwenda anapumua. Huyu kashakufa. Mtazame tumbo, asubuhi hii tu alikuwa anakula dagaa. Hao dagaa watamwozesha kuanzia ndani, na wewe uko juu unamfunika barafu."

Watu wakacheka. Sasa, mtu aliyezoea kuchekesha hajazoea kuchekwa. Mvuvi akasimama.

"Mama, mimi nimeanza kuvua jana?"

Akamlaza samaki mzima kwenye deli, lile sanduku la plastiki la kutunzia baridi. Barafu ya kusaga chini, barafu juu, barafu ubavuni, gunia jipya, kamba mpya. Alipomaliza ungedhani ni jeneza la tajiri.

Lakini niwaambie ukweli alioujua yeye peke yake. Haikuwa desturi. Miaka kumi na moja inataka kitu kikubwa cha kuifunika, na yeye alishaona kichwani mwake jinsi atakavyoingia uani: majirani wamejaa, sangara mzima begani, mkia unaburuza vumbi, na hakuna hata mmoja atakayekumbuka kuuliza, "Ulikuwa wapi?" Samaki angejibu kwa niaba yake. Na samaki aliyepasuliwa hajibu vizuri.

Safari ikaanza, na redio ikawaka. Kwenye kivuko akafungua deli awaonyeshe watu. Kwenye basi konda akamwambia, "Kaka, huyu si mzigo, huyu ni abiria, mkatie tiketi!" Akafurahi, akafungua tena ili konda aone vizuri. Kila kifuniko kilipofunguka, baridi ilitoka na joto likaingia, na watu wakasema "Aaah!" Alihesabu zile "Aaah." Joto hakulihesabu.

Siku ya pili, mchana, basi likasimama kwenye stendi moja ndogo. Akafungua deli, safari hii peke yake, nyuma ya basi. Barafu imekuwa maji, na maji yamekuwa mekundu. Macho ya samaki yameingia ndani. Tumbo limevimba.

Akajiambia, "Amenenepa kidogo."

Mvuvi wa miaka kumi na moja anamwambia nani huyo? Alijua! Kisu kilikuwa kiunoni. Bomba la maji lilikuwa hatua kumi. Angempasua palepale, angetupa tumbo lote lile, angekata kipande cha mkiani ambacho bado kilikuwa kigumu, akakiosha na kukizika kwenye barafu mpya. Kipande cha kiganja kimoja. Mgonjwa anakula kiasi gani? Supu ya mama ilikuwa bado ipo pale stendi, wapendwa. Ilikuwepo!

Lakini mtu aliyepotea miaka kumi na moja aingie kwao na kipande cha mkia, kama katumwa buchani?

Akanunua barafu za vifuko, akazipanga juu. Akanunua na ndimu mbili, akampaka samaki mwili mzima, kichwani mpaka mkiani, kama bibi harusi. Akafunga kamba.

Akafika. Na kila kitu kikawa kama alivyokiona kichwani. Ua umejaa. Watoto wanapiga kelele. Sangara begani, mkia vumbini, ngozi inang'aa kwa barafu na ndimu. Wazee wakasema, "Kweli mtu huyu alikuwa kazini!" Hakuulizwa kitu.

Ndani, dada alikuwa amemkalisha mama na mito miwili, amemfunga kitambaa kipya kichwani. Jikoni vitunguu vilishaanza kukaangika kwenye mafuta, maji yanachemka yanamsubiri mgeni.

"Ni wewe?" mama akauliza, mkono unapapasa hewani.

"Ni mimi, mama. Nimekuja naye."

Akamwelekeza mkono ule kwa samaki. Mama akapapasa kichwa, akapapasa pezi la mgongoni, akaendelea mpaka mkono ukaishiwa urefu na mkia haujafikiwa. Akacheka. Dada anasema alikuwa hajacheka tangu mavuno.

"Jamani! Huyu ni samaki au mlango? Mwanangu, mbona nasikia njaa?"

Dada akaegemea ukuta akaanza kulia. Siku ya saba hiyo, na mama kasema njaa kwa mdomo wake. Majirani wakasogea mlangoni. Sinia likawekwa chini kando ya kitanda, ili zawadi ifunguliwe mbele ya mwenye nyumba, kama desturi ya kuku inavyotaka. Mvuvi akachomoa kisu, akaweka ncha chini ya tumbo.

Sitawaeleza harufu ile. Nitawaeleza watu tu. Mlango ulikuwa na watu tisa. Jirani mmoja akakumbuka ghafla kwamba mbuzi wake hajafungwa. Wa pili akaenda kumsaidia kumfunga. Kufumba na kufumbua, mbuzi yule mmoja alikuwa anafungwa na watu tisa.

Chekeni. Chekeni sasa, maana nafasi ni hii tu.

Ndani wakabaki watatu. Inzi wameshaanza kuingia. Mvuvi kachuchumaa, mikono imejaa kile kilichomwagika kutoka kwenye lile tumbo. Na mama, ambaye haoni, akanusa. Tabasamu likamtoka usoni polepole. Akavuta shuka mpaka kidevuni. Kwa sauti ndogo, ya mtu anayeona haya, akauliza:

"Mwanangu... hiyo harufu ni mimi?"

Alikuwa na vidonda mgongoni, wapendwa. Ndiyo maana aliuliza.

Jibu lilikuwa jepesi hata kwa mtoto wa chekechea: "Si wewe, mama. Ni samaki." Basi! Dada alikuwa anamtazama kaka yake, analisubiri. Lakini ukisema ni samaki, utaulizwa kwa nini. Utaulizwa kuhusu stendi, kuhusu mama mkaanga samaki, kuhusu ndimu. Utaulizwa, "Ulikuwa wapi?"

Mvuvi akafungua mdomo wake, redio ile ya mwaloni, na akasema:

"Tulia, mama. Tutakuosha."

Mama akageuzia uso ukutani. "Nisamehe, baba. Umetoka mbali kote huko, umekuta mama yako amekuwa uvundo. Mtoeni samaki humu ndani, nitamharibu. Mpikieni huko nje, ale yeye na watu wake. Mimi siwezi tena, sina hata hamu."

Dada akamwosha. Jioni akaomba aoshwe tena. Kesho yake asubuhi akauliza, "Bado nanuka?" Dada akasema, "Hapana, mama, wala hunuki," lakini maneno ya dada yalifika yamechelewa, maana ya kaka yalishatangulia. Hakula kitu tena. Siku ya tatu alifariki, ameoshwa mara sita akiwa hai, na akina mama wakaja kumwosha ya saba.

Mvuvi alirudi ziwani. Wanasema siku hizi anatumbua samaki kabla mtumbwi haujagusa mchanga, wake na wa wenzake, hata asipoombwa. Dagaa tu ndio wanaopona. Hachekeshi tena watu. Amejua kutunza samaki, wapendwa. Hana wa kumletea.

Kimya hiki kinanitisha. Mlikuwa mnacheka vizuri.

Sasa sisi. Msimwangalie yule mvuvi, ameshatoka kwenye hadithi, tumebaki sisi kwa sisi. Nani humu ndani hajajipaka ndimu leo? Suti ni barafu. Kwaya ni barafu. Hata mahubiri haya ni barafu nzuri sana ya kusaga, na mimi ninayeyagawa najua tumbo langu lina dagaa wa lini. Tunaoza kuanzia ndani na tunanunua barafu ya nje, kila Jumapili kifuko kipya, kwa sababu kujitumbua kunatupunguzia ukubwa mbele za watu.

Lakini si hapo nilipotaka kuwafikisha. Kuoza, sote tunaoza. Mungu analijua hilo tangu zamani na kisu chake ni cha huruma. Kinachoninyima usingizi ni lile shuka lililovutwa mpaka kidevuni. Kwa sababu nyumba zetu zina watu wanaojiosha kwa ajili ya harufu isiyo yao. Yuko mke anayeamini ndoa imeharibika kwa sababu amenenepa, na mumewe anajua vizuri imeharibikia wapi, na amenyamaza. Yuko mtoto anayedhani baba hakai nyumbani kwa sababu yeye anapiga kelele. Yuko mfanyakazi aliyefukuzwa kwa kosa la bosi, na bosi yuko humu, viti vya mbele, anaitikia amina. Hatukuwatukana. Tuliwaambia tu, kwa upole, tulia, tutakuosha.

Wangapi kati yao wameshazikwa? Kwa hao sina la kuwaambieni. Nimetafuta, sina. Mtakwenda makaburini mkaseme na udongo, na udongo hauitikii.

Ila yupo mmoja nyumbani kwako ambaye bado anauliza. Hata leo asubuhi ameuliza kwa macho wakati unavaa hiyo tai. Leo nafupisha ibada, sadaka mtatoa Jumapili ijayo, mhazini anisamehe. Nendeni. Ukifika, kabla hujavua viatu, kabla hujaketi, kabla aibu haijazaa tena, mwendee umwambie kwa kinywa chako:

"Si wewe. Ni samaki wangu."