Mgonjwa Haamuru

Hapo zamani za kale, watoto, wanyama wa Bonde la Mikwaju walikuwa na kikosi cha kuokoa majeruhi. Msimamizi wake alikuwa Nyati: pembe pana, sauti nzito, na mapenzi ya gwaride yasiyo na kiasi.

Siku moja Kwale akatua, purrr! "Jamani, njooni! Swala kaanguka korongoni, damu zinamtoka!"

Nguchiro, mdogo kuliko wote kikosini, akadaka machela. "Twendeni!"

"Wee! Nani kakupa amri?" Nyati akafoka. "Pangeni mstari. Nikague kwato kwanza!"

Kwato, na mwenzao anavuja damu! Nguchiro alichemka. Juzi tu Ngiri alilia, "Msinishike mguu huo, umevunjika!" Nyati akamjibu, "Kimya! Mgonjwa haamuru!" Wakauvuta, kacha! Ngiri hasimami hadi leo. Nguchiro alimchukia Nyati kwa hilo, na alijichukia mwenyewe kwa kutii.

Akaimeza hasira, akachekelea. "Sawa, mkuu. Ila kamba mpya hazijajaribiwa. Zikikatika njiani, atalaumiwa nani?"

Nyati akakohoa. "Mimi?"

"Sisi wadogo nani atujue? Lala kwenye machela hii kuukuu, tuzipime kwa uzito wa mkubwa."

Nyati akavimba kichwa, akajilaza chali juu yake, puu! Punda na Kongoni, wabeba machela, wakavuta kamba. Nguchiro akapiga mafundo saba.

"Imara kabisa," Nyati akasema. "Haya, nifungueni."

Nguchiro akamrukia kifuani. "Anayefungwa kwenye machela huitwa nani?"

"Mgonjwa. Lakini mimi ni msimamizi wenu! Nifungueni, naamuru!"

"Na mgonjwa je, wenzangu?"

"Haamuru!" wakaitika kwa ghadhabu, hata Kwale.

Wakabeba ile machela nyingine iliyo nzima, wakatimka, puku puku puku, Nyati akibaki pale amefungwa, anaporomosha matusi.

Kule korongoni Nguchiro alipiga magoti. "Pole, dada Swala. Tukushike wapi?"

"Kiunoni, kaka. Bega limeteguka."

Wakamshika kiunoni. Jeraha likafungwa, na Swala akafikishwa kwa mganga akiwa hai.

Nyati alifunguliwa baadaye, sauti imemkauka. Siku ya pili alipoita gwaride, hakuja hata mmoja.

Nami nimefika mwisho, watoto, na neno langu ni hili: msimamizi asiyemsikiliza majeruhi ni mzigo, na mzigo hutuliwa.