Hakimu Aliyeambiwa Asogee Kidogo

Mpo?
Tupo!
Masikio mmeyaleta?
Tumekuja nayo yote mawili!
Basi yafungueni, ngano iko mlangoni.
Iingie!

Asubuhi moja Mama Kijino, mke wa Digidigi, alimwambia mumewe, "Sogea kidogo, Baba Kijino, umenizibia jua." Digidigi akasogea. Kabla ya adhuhuri tai akashuka, vuup, akamnyakua Mama Kijino! Digidigi akabaki na mtoto mmoja na jua tele.

Hakimu wa familia katika kaunti hiyo alikuwa Fisi. Alianza kwa kulinda mlango wa mahakama. Akapanda, akawa mwita mashahidi. Akapanda tena, akawa hakimu. Swala na mkewe wakagombania mtoto. Fisi akasema, "Akae kwangu mpaka mtulie." Wakatulia, mtoto hakurudi. Ngiri na mkewe wakagombania mtoto. "Akae kwangu mpaka mtulie." Wakatulia, mtoto hakurudi.

Fisi akamwita Digidigi. "Pole, bwana mdogo. Mtoto asiye na mama hulelewa na mahakama. Kesho nikishachaguliwa tena, mlete."

"Sawa, mheshimiwa. Nami nitakuwa wa kwanza nyuma yako."

Huko walipiga kura kwa mlolongo: mgombea husimama mbele, wananchi hujipanga nyuma yake. Akigeuka kuwakodolea macho, kura zimeharibika. Akivuka mto, ametoka kaunti, kiti hana. Fisi aligombea peke yake, nani angethubutu?

Wakajipanga kwa hofu, Digidigi mbele yao.

"Mheshimiwa, watu ni wengi, uwanja umejaa. Sogea kidogo."

Fisi akavimba kwa furaha. Akasogea, tapu, tapu.

"Bado wanakuja! Sogea kidogo!"

Tapu, tapu. Swala akaelewa, akapokea: "Sogea kidogo!" Ngiri akapokea: "Sogea kidogo!" Uwanja mzima ukapokea, na hakuna aliyeinua mguu.

Chubwi!

"Nimekanyaga nini?"

"Umande, mheshimiwa!"

"Umande wa magotini?"

"Mwaka huu mvua ilizidi! Sogea!"

Akasogea mpaka ng'ambo ya mto, akageuka akicheka. Kicheko kikamkauka mdomoni.

Korongo, msimamizi wa uchaguzi, akanyoosha shingo. "Nyuma ya Fisi hakuna mtu. Nyuma ya Digidigi wapo wote. Hakimu ni Digidigi."

"Mzee Korongo, mimi sikugombea."

"Umesimama mbele?"

"Nimesimama."

"Yatosha. Wengine wamechaguliwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo."

Funzo, wanangu: kiongozi bora huwasikiliza wananchi, wala hatazami nyuma. Mwigeni Fisi. Ngano nimeitoa mlangoni, anayeitaka aikimbilie.

Na Digidigi? Kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda mahakamani, alilala kichakani mahali pake pa kila siku, Kijino ubavuni. Jua lilipochomoza, akasogea kidogo.