Maziwa ya Najla

Mwaka wa 1996, nchi jirani zilipoiwekea Burundi vikwazo, vitu vingi viliadimika mjini Bujumbura. Magari yalilala kwa kukosa petroli, na maziwa ya kopo ya watoto wachanga yakawa adimu kama wali wa daku. Milimani bunduki zililia, mjini watu wakaishi roho mkononi. Katika dhiki hiyo, kwenye nyumba moja ya mtaa wa Jabe, Najla alijifungua mtoto wake wa kwanza, binti aliyeitwa Dalia.

Najla alikuwa mke wa Sleiman, muuza vitambaa mpole ambaye babu zake walitoka Omani. Waliishi na mama yake Sleiman, Bi. Mwanamwema, mwanamke wa huruma nyingi na ulimi usiojua kupumzika. Wiki tatu baada ya kujifungua, Najla alishikwa na malaria kali. Alilazwa hospitali siku nane, hajitambui, huku Bi. Mwanamwema akimlea mjukuu kwa chupa. Aliporudi nyumbani, amekonda kama ng'onda, alimpakata mwanawe kwa shauku. Mtoto alinyonya mara mbili tatu, akaliachia titi, akaangua kilio. Maziwa yalikuwa yamekauka.

Yalikuwa yamesalia makopo matatu tu. Sleiman alizunguka duka kwa duka asipate jingine. Badala yake alirudi na vidonge.

"Nimepewa na muuza dawa sokoni," alisema uso ukimeremeta. "Anasema wanawake wengi wamevimeza na maziwa yakaja. Kimoja mara tatu kwa siku."

"Havina madhara?" Najla aliuliza.

"Hilo sikumuuliza," Sleiman alikiri. "Lakini mtu tunayemjua atatupa sumu?"

Siku ya tatu Najla alihisi matiti yamejaa kidogo. Alijiambia kwamba ikiwa kimoja kimeleta haya, viwili vitaleta zaidi. Bila kumwambia mtu, akaanza kumeza viwili viwili. Siku mbili baadaye miguu yake ilikataa kutulia, na machozi yakawa yanamtoka bila sababu. Ijumaa asubuhi, alipokuwa akimvisha mtoto, shingo yake ilipinda upande, taya likakaza, asiweze kutamka neno.

"Jini hilo!" Bi. Mwanamwema alipiga ukelele, akaanza kusoma Ayatul Kursiy. Sleiman hakungoja. Alimbeba mkewe mikononi hadi zahanati ya mtaa wa pili, mama yake akimfuata na mtoto kifuani.

Muuguzi wa zamu, mwanamke wa makamo aliyeitwa Marguerite, hakuuliza habari za majini. "Mama huyu amemeza dawa gani?"

Sleiman alitoa pakiti ya vidonge mfukoni. Marguerite aliisoma.

"Hii ni dawa ya kuzuia kutapika. Ni kweli, wengine inawaongezea maziwa. Lakini inafika mpaka kichwani, inaleta huzuni, inakaza misuli. Na kiasi kinapita kwenye maziwa mpaka kwa mutoto. Daktari ndiye anaamua nani apewe, kiasi gani na siku ngapi."

Alimdunga Najla sindano, kisha akamkagua Dalia kutoka utosini hadi nyayoni, asimwone na dalili mbaya ya dawa; ila mzani ulionyesha uzito umepungua kuliko ulioandikwa kwenye kadi yake ya kliniki. Haikupita nusu saa, shingo ya Najla ikanyooka.

"Madamu, mimi ndiye niliyezidisha," alisema kwa sauti dhaifu. "Msimlaumu mume wangu. Lakini nikiviacha, mwanangu atakula nini?"

"Atakula kwako. Mutoto ndiye anaita maziwa, mama. We uliugua, hakunyonya, mwili ukafikiri mutoto hayupo. Sasa muuambie kwamba yupo. Chupa apana. Kila saa mbili mutoto awe kifuani, ngozi kwa ngozi. Akiachia, kamua kwa mkono, umpe kwa kijiko. Ya kopo mumuongezee kidogo kidogo, na musiyazidishe maji. Kila Jumatatu nitamupima."

Siku ya kwanza Najla alikamua mpaka vidole vikafa ganzi. Alichopata hakikujaza kijiko.

"Hiki ndicho nini? Machozi ya paka?" Bi. Mwanamwema alishangaa. Hata hivyo alikwenda jikoni, akampikia mkwewe mboga ya lengalenga na samaki wa ziwani, akamkataza kushika ufagio.

Jumatatu ya kwanza uzito wa Dalia haukuongezeka hata chembe. Najla alilia. "Wiki iliyopita alikuwa anapungua," Marguerite alimwambia. "Leo amesimama. Endelea." Najla akaendelea. Milio ya risasi iliposikika upande wa Kamenge na majirani wakajifungia ndani, yeye aliketi sakafuni, mgongo ukutani, akinyonyesha. Kijiko kimoja kikawa viwili, viwili vikawa robo kikombe. Jumatatu ya pili mzani ulipanda gramu sabini. Ya tatu, mia na ishirini.

Katika wiki ya nne kopo la mwisho liliisha. Bi. Mwanamwema alikung'uta unga wa mwisho, akamtazama mkwewe kwa hofu. Najla aliketi sakafuni, mgongo ukutani. Alimweka mwanawe kifuani. Dalia alinyonya, akameza kwa sauti, akanyonya tena. Kisha akaliachia titi mwenyewe, tone jeupe likimtiririka pembeni mwa mdomo, akalala fofofo.

"Alhamdulillahi," Bi. Mwanamwema alinong'ona, na siku hiyo hakuongeza neno jingine.

Habari zilienea Jabe. Akina mama waliokuja kumwuliza Najla jina la dawa iliyomrudishia maziwa aliwapeleka yeye mwenyewe kwa Marguerite, akiwasimulia njiani jinsi kidonge cha haraka kilivyotaka kumtoa roho, na jinsi kijiko baada ya kijiko kilivyomlea mwanawe. Hakika, haba na haba hujaza kibaba.