Kiboko Aliyezama Kila Lilipotajwa Jina

Paukwa!

*Pakawa!*

Nikiwapa neno, mtaniuliza nimelitoa wapi?

*Tutakuuliza!*

Basi ulizeni mwishoni. Sasa tegeni masikio.

Hapo kale wanyama wa bonde moja walikuwa na chuo chao kando ya mto, na chuo hicho kilikuwa na desturi. Mwanafunzi akitoa neno la maarifa, sharti amtaje aliyempa. Husema, "Neno hili nimelitoa kwa Mchwa," na wote huitikia, "Mchwa apewe chake!" Neno lisilotajiwa mwenyewe huhesabiwa kuwa la msemaji, kwa faida na kwa hasara. Desturi njema kabisa. Taabu ni kwamba palikuwa na desturi ya pili: mkubwa wa mwili ndiye hutangulia kutoa kazi yake.

Chuoni hapo alisoma Pimbi, yule mnyama mdogo wa mawe asiye na mkia. Alisoma pia Kiboko, ambaye hahitaji kuelezwa, anaonekana.

Pimbi alipenda utaratibu. Kila asubuhi alikaa ukingoni, akaisema kazi yake kwa sauti ili aishike. Na kila asubuhi Kiboko alikuwa majini, masikio juu, mwili chini. Pimbi akitoa neno, masikio yanatikisika: pwi-pwi-pwi! Pimbi akifika penye "nimelitoa kwa," Kiboko anazama: chubwi! Majina yalimchosha. Aliyaona kama makapi ya muwa, si ya kumeza.

Siku ya kutoa kazi, Kiboko akatangulia. "Mchwa wakipandisha kichuguu, mvua iko karibu. Neno hili ni langu!"

Akasimama Pimbi. "Mchwa wakipandisha kichuguu..."

Ka! Ka! Ka! Mwalimu Korongo akagonga mdomo. "Pimbi, umenakili."

"Mwalimu, yeye ndiye aliye..."

"Ameanza nani?"

"Ameanza yeye, lakini muulizeni Mchwa mwenyewe!"

"Mchwa hakuandikishwa chuoni. Ameanza nani?"

"Kiboko."

"Basi. Kaa chini."

Muhula wa pili, vilevile. Masikio, pwi-pwi-pwi! Jina, chubwi! Mdomo wa Korongo, ka! ka! ka! Muhula wa tatu, vilevile. Pimbi akapiga hesabu: kazi ya Kiboko ukiigawa mafungu matatu, fungu la kwanza ni la Pimbi, la pili ni la Pimbi, na la tatu ni la Pimbi lililokosewa. Jumla ya alama: zote kwa Kiboko.

Akamfuata mtoni. "Bwana Kiboko, nimechoka. Kama hunitaji mimi, walau mtaje Mchwa!"

Kiboko akacheka mpaka mto ukafanya mawimbi. "We kijitu, maneno ni kama maji. Nani amewahi kuandika jina juu ya maji? Mimi nakunywa tu."

Ndipo Mzee Tembo, mkuu wa chuo, akatangaza: atakayetoa kazi bora ya mwisho atapewa Jabali, mahali pekee pasipofunikwa na maji ya masika. Kiboko alilitaka apate pa kuota jua. Lakini ndani ya nyufa za Jabali ndimo Pimbi alimoishi na mkewe na watoto.

"Baba watoto," akasema Mama Pimbi, "tumbo lile likilala hapa, sisi ni chapati. Nawe unamsomea mwizi kila asubuhi!"

"Nimechoka, mama watoto."

"Utachoka baadaye. Sasa fikiri."

Pimbi akafikiri. Siku hizo Mzee Tembo alikuwa na hasira zake. Palikuwa na Pango la Chumvi, mali ya tembo peke yao, na mdomo usiojulikana ulikuwa ukiilamba chumvi hiyo kwa siri. Tembo alikuwa ameapa: akipatikana mlambaji, hatalikanyaga bonde jua likiwa juu, yeye na kizazi chake.

Pimbi akaenda kwa Bibi Tembo, mama wa yule mkuu wa chuo. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Naomba unieleze habari za pango lenu."

Bibi akamweleza, maana wazee hupenda kuulizwa.

Asubuhi Pimbi akaketi ukingoni. "Chumvi ya pangoni ni chungu mlangoni. Ndani, penye ufa wa kushoto, ni tamu, nayo husisimua ulimi."

Pwi-pwi-pwi!

"Neno hili nimelitoa kwa Bibi Tembo."

Chubwi!

Pimbi akarudia, asije akalaumiwa kwa kutosema. Pwi-pwi-pwi! Chubwi!

Siku ya kazi ya mwisho ikafika. Kiboko akatangulia, akatoa neno lote la chumvi, mlango na ufa na ulimi. "Neno hili ni langu!"

Mzee Tembo akainuka: gu! gu! gu! "La kwako?"

"Langu, Mkuu! Sikusaidiwa na mtu!"

"Ulimi uliosisimka ni wa nani?"

"Wangu! Toka mwanzo hadi..." Hapo Kiboko akaziona pembe za Tembo zilivyomkaribia. "La, Mkuu! Nimelisikia kwa Pimbi!"

Pimbi akageuka taratibu. "Mwalimu Korongo, ameanza nani?"

Korongo akainamisha mdomo. "Ameanza Kiboko."

"Basi," akasema Pimbi. Kisha akatoa kazi yake, neno kwa neno, akamalizia, "Neno hili nimelitoa kwa Bibi Tembo."

"Bibi Tembo apewe chake!" wote wakaitikia, na Bibi akatikisa kichwa kwa furaha.

Kiboko akafungua kinywa atafute jina lolote la kutaja. Akakipanua, akakipanua zaidi. Halikutoka hata moja. Yote aliyaacha yapite juu ya maji. Mpaka leo mchana kutwa yumo mtoni, hutoka usiku tu, na mara kwa mara utamwona amepanua kinywa. Bado analitafuta.

Pimbi akapewa Jabali. Masika yakapiga, watoto wakalala pakavu. Siku moja Mama Pimbi akaona midomo ya mumewe ina ungaunga mweupe, ule ule aliokuwa akirudi nao tangu zamani, kabla hata ya kesi ya Kiboko.

"Baba watoto, chumvi hiyo umeitoa wapi?"

"Chumvi hii," akasema Pimbi akijilamba, "nimeitoa kwa Kiboko."

"Kiboko apewe chake!" wakaitikia watoto.

Funzo, enyi wanafunzi: msiibe kazi ya mtu. Mkishindwa kujizuia, ibeni pamoja na jina lake. Aibaye bila jina huitwa mwizi. Aibaye pamoja na majina huitwa msomi.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Aliyeipenda aondoke nayo, asiyeipenda aizamishe, chubwi! Nanyi mliahidi kuniuliza.

*Umeitoa wapi?*

Nimeitoa kwa Kiboko.

*Kiboko apewe chake!*