Ngiri Aliyejivuta Topeni Peke Yake

Bisheni. Nasema bisheni sasa hivi, kabla sijafungua mdomo vizuri, ili baadaye mtu asilie kwamba sikumpa nafasi. Nawaletea habari za Ngiri aliyelitoa gari kwenye tope la mfinyanzi, gari zima na mzigo wake, bila mtu wa kumsukumia wala wa kumshikia kamba. Shangazi Sikudhani huyo, ameshaanza kucheka. Cheka, shangazi, lakini mahindi usiache kupukuchua.

Wengine mtasema huyu kijana shule aliikimbia darasa la nne, atajua nini? Ni kweli niliikimbia. Kwani Ngiri alisoma wapi?

Haya. Mimi nikisema "Hadithi imekwama!" nyinyi semeni "Ivute!"

Hadithi imekwama!

— Ivute!

Mbona mnaitika kama mmefunga? Hadithi imekwama!

— Ivute!

Naam. Hiyo ndiyo sauti ya watu walioshiba.

Hapo kale, kale sana, kabla ya babu wa babu yako kujua kufunga kamba ya suruali, wanyama walikuwa wakilima. Na walikuwa na magari. Ndiyo, magari! Nani kati yenu alikuwepo akayakosa? Ngiri alikuwa na gari la mbao, magurudumu manne, limechongwa likachongeka. Injini? Injini ilikuwa Ngiri mwenyewe. Anajifunga mikanda kifuani, anakimbia mbele, gari linamfuata nyuma.

Basi mwaka huo fukusi waliingia ghalani wakatafuna mbegu zote za mtama. Kijiji kizima hakina hata punje ya kupanda. Mvua ya kwanza ilikuwa imeshanyesha, mashamba yameshatifuliwa, wanyama wamesimama na majembe wanatazamana. Bila mbegu, mwaka huo ungekuwa wa kutafuna mawe.

Ng'ambo ya bonde aliishi Nungunungu, na Nungunungu alikuwa na mbegu. Akasema, "Njooni mchukue."

Ngiri akaruka. "Nitakwenda mimi!"

Bibi yake, mzee mwenye masikio makubwa yaliyosikia kila kitu, akamwambia, "Mjukuu wangu, bondeni kuna tope. Chukua wenzako, wakusukumie."

"Bibi, wa nini? Kifua changu hiki hukioni?"

Sasa niwaambie kilichokuwa kinamwasha. Katika nchi ile, aliyeleta mbegu aliingizwa jina lake kwenye wimbo wa kupandia. Ukienda na wenzako sita, yanaingia majina saba. Ngiri alitaka liingie moja. Lake.

Akaenda. Akafika kwa Nungunungu, akapakia magunia ya mtama, akageuza gari. Njiani anaimba, anajisifu, anaisifu barabara kwa kupata bahati ya kukanyagwa naye. Akafika bondeni.

Gari likazama. Si kuzama kwa mchezo, mwanangu. Tope lilishika magurudumu kama mama mkwe aliyekushika unatoroka na kuku wake.

Ngiri akatazama kulia, hakuna mtu. Akatazama kushoto, hakuna mtu. Wote wako kijijini, wanamsubiri yeye. Palikuwa na chura tu, amekaa juu ya jani.

Chura akasema, "Kaka Ngiri, nikusaidie?"

Ngiri akacheka mpaka gari likazama zaidi. "Wewe? Wewe ukikanyaga jani, jani lenyewe halijui kama limekanyagwa! Kaa hapo utazame wanaume."

Chura akakaa, akatazama.

Juu, mawingu yalianza kukusanyika, meusi ti. Na mkulima yeyote anajua: mbegu zikilowa ndani ya gunia, zinaota ndani ya gunia. Mvua ya pili ikimkuta pale, amebeba majani, hakubeba mbegu.

Hadithi imekwama!

— Ivute!

Na Ngiri akavuta. Lakini kwao kitu kizito hakivutwi kimyakimya. Mmoja anaita, wengine wanaitikia, na pale pa kuitikia ndipo pa kuvutia. Sasa yeye yuko peke yake. Akaamua aite yeye, aitikie yeye, avute yeye.

"Gari la nani?" akaita.

"La Ngiri!" akajiitikia. Akavuta.

"Mzigo wa nani?"

"Wa Ngiri!" Akavuta.

"Tope la nani?"

"La Ngiri!"

Ala! Ulimi ulikuwa umeshazoea. Na tope, kusikia kuwa ni la Ngiri, likamkumbatia mwenyewe mpaka tumboni. Na pumzi ikamwishia, maana anayeita na kuitikia anabakiwa na pumzi gani ya kuvutia?

Hiyo ni mara ya kwanza.

Mara ya pili akakata matawi, akayatandika mbele ya magurudumu. Akatoa kamba yake ndefu, akafunga upande mmoja kwenye gari na upande wa pili kwenye kichaka kilichokuwa ukingoni. Akaikumbatia kamba katikati, akaita, akajiitikia, akavuta. Kitu kikasogea! Akashangilia, "Nimeweza! Nimeweza!" Kutazama, kilichosogea ni kichaka. Kiling'oka na mizizi yake kikamfuata, kikamkalia kichwani kama kilemba.

Shangazi, usicheke hivyo, utapaliwa.

Mara ya tatu Ngiri akakaa chini. Akafikiri, kazi ambayo hakuizoea. Akakumbuka kitanda cha bibi yake, kile cha kamba. Kamba zikilegea, bibi haiti mtu. Anachomeka kijiti katikati ya kamba mbili, anakizungusha, kamba zinajisokota, zinafupika, kitanda kinakaza mpaka ukikilalia kinakurusha. Ngiri alikuwa akimcheka, "Bibi, unasokota nini kama kipofu anayekoroga uji?" Leo hakucheka.

Akapanda ukingoni, kwenye udongo mkavu. Akachimba shimo kwa pua na meno, na kwa kuchimba, Ngiri hana mpinzani. Akatafuta gogo, akalifunga kamba kiunoni, akalilaza ndani ya shimo, akalifukia, akalikanyagia udongo. Kichaka kinang'oka, lakini gogo lililozikwa linang'olewa na nani? Akairudisha kamba kwenye gari, zikawa mbili sambamba. Katikati akachomeka mti mrefu, akaanza kuuzungusha.

Kamba zikajisokota. Zikafupika. Zikalia, kwii, kwii.

Na gari likasogea!

Likasogea kidogo, kama konokono anayekwenda kudaiwa. Lakini likasogea. Ngiri akaukita mti ardhini usijirudie, akakimbia kuweka jiwe nyuma ya gurudumu, akafungua, akakaza upya, akazungusha tena. Mara moja alijisahau akauachia mti. Mti ukajizungusha kwa hasira, ukampiga chini ya kidevu, paa! Meno yake yaliyokuwa yamenyooka yakapinda kuelekea juu. Nenda kayatazame hata leo kama mimi mwongo.

Akazungusha, akaweka jiwe. Akazungusha, akaweka jiwe. Mpaka gari likatoka, likasimama ukingoni linachuruzika matope. Ngiri akajifunga mikanda, akakimbia, mvua inamnusa mkia, akaingia kijijini na magunia makavu.

Aliingia mkia juu, wima kama bendera. "Nani ametuletea mbegu?" wakauliza. "Mimi!" "Na nani?" "Peke yangu!" Wakapanda, wakavuna, wakala. Fundisho lake ni kwamba mwenye akili hahitaji msaidizi. Hadithi yangu imeishia ha—

Nini tena, shangazi?

"Kijana, meno nimeyaelewa," anasema Shangazi Sikudhani. "Mkia nimeuelewa. Lakini ngiri akila hupiga magoti. Hayo magoti umeyaacha wapi? Na mara ya tatu aliitikia nani? Wewe mwenyewe umesema kwao hakivutwi kimyakimya."

Aa, shangazi. Wewe unapukuchua mahindi kwa vidole na watu kwa macho.

Haya, nakiri. Kuna kipande nimekiruka. Hadithi ilipendeza zaidi bila hicho kipande. Ilimpendeza Ngiri, ikanipendeza na mimi. Basi turudini bondeni. Hadithi imekwama!

— Ivute!

Ngiri alizungusha mti, kweli. Aliweka mawe, kweli. Lakini gari lilipofika katikati ya kutoka na kutotoka, nguvu zilimwisha. Wingu lilinguruma. Tone la kwanza likamwangukia puani. Na yeye bado anaita, bado anajiitikia, sauti imebaki kama ya mlango mbovu. Mwisho akanyamaza. Akalala juu ya mti wake, ukiwa umekitwa ardhini, akasema, "Basi. Waambieni kijijini wasinisubiri."

Na aliyekuwepo wa kuambiwa ni chura tu.

Chura akasema, "Kaka Ngiri, mbona wimbo umekatika?"

"Sina pumzi."

"Pumzi unayo, unaigawa vibaya. Wewe vuta. Mimi niite."

"Unaujua wimbo wangu?"

"Wako siujui. Nitauita wangu."

 Unajua inavyouma mtu uliyemcheka kukurudia na heri? Inauma kuliko mti wa kidevuni. Ngiri akasema polepole, "Ndugu yangu Chura, ita. Nikifika kijijini nitakutaja."

Chura akavuta pumzi, shingo ikavimba kama kibuyu, akaita:

"Mbegu za nani?"

Ngiri akafungua mdomo aseme "za Ngiri," akakumbuka majembe yaliyosimama kijijini. Akaitikia, "Za wote!" Akazungusha.

"Njaa ya nani?"

"Ya wote!" Akazungusha.

"Tope la nani?"

"Si letu!"

Na tope, kusikia kuwa halina mwenyewe, likaachia. Hivyo ndivyo gari lilivyotoka. Chura hakugusa kamba, hakubeba hata kokoto. Alikuwa na sauti tu, akaitoa yote.

Sasa kijijini. Wakamuuliza, "Na nani?" Naye, mkia juu, akajibu lile nililowaambia: "Peke yangu!" Bibi yake akamtazama. "Peke yako, mjukuu wangu?" "Peke yangu, bibi!" Wakamsifu. Wakaanza kutunga wimbo wa kupandia wenye jina lake, moja tu, kama alivyotaka.

Ndipo mvua ya pili ikashuka. Na kule bondeni Chura alikuwa ameshawasimulia ndugu zake. Mmoja akaita, na bonde zima likaitikia:

"Mbegu za nani?"

"Za wote!"

"Tope la nani?"

"Si letu!"

Majembe yakasimama. Bibi akayatega yale masikio. "Mjukuu wangu, huo ni wimbo wa kuvutia. Vyura wameujulia wapi? Vyura wana gari?"

 Ngiri akapiga magoti mbele ya wote, uso chini, mdomo kwenye majani. "Bibi, Chura aliita, mimi nikaitikia. Bila yeye magunia haya yangekuwa bustani. Nilimwahidi kumtaja, nikajitaja mimi. Ufuteni wimbo wangu."

Bibi akamgusa kichwa. "Tutaimba ule wa bondeni."

"Na jina langu halimo," akasema Ngiri, taratibu.

"Halimo kivipi? Wakisema 'za wote', wewe ni nani? Si mmoja wao?"

Ngiri akacheka, machozi na matope pamoja. Wakapanda kwa wimbo huo, na mtama ulitoka ukafunika paa za nyumba. Tangu siku hiyo, mvua za kupandia zikinyesha, chura mmoja huita na wenzake huitikia, wanatukumbusha. Na ngiri, kila anapokula chakula kilichotoka ardhini, hupiga magoti kwanza. Lakini mtazameni akikimbia: mkia wima! Magoti yameshajifunza, mkia bado.

Kwa hiyo lile fundisho langu la mwanzo litupeni. Fundisho lenyewe ni hili: akili ya kuzungusha mti ni nzuri, lakini aliyekupa sauti ulipokuwa umechoka, naye amevuta. Mtaje.

Na mimi je? Nilisema nitasimulia, nikajiona fundi, na bado kila nilipokwama nyinyi mlisema "Ivute." Basi nawataja. Wewe kwanza, Shangazi Sikudhani, mpukuchuaji wa waongo.

Hadithi imetoka topeni. Anayeitaka na aioshe, aende nayo kwao.