Sungura na Taji la Mfalme Bwawani

Ukame wa mwaka ule si wa kusimuliwa kwa haraka. Kinyonga alijaribu rangi zake zote zikamwishia, akabaki na ya vumbi. Mamba alihama mto kwa miguu, mchana kweupe, watoto mgongoni, na kila aliyekutana naye njiani alimpa pole badala ya kumkimbia. Twiga alilia, lakini machozi yakakauka shingoni kabla hayajafika kifuani.

Simba akaamuru lichimbwe bwawa mbele ya pango lake. Tembo alichimba kwa pembe, Ngiri kwa pua, na Nungunungu akapewa usimamizi kwa sababu hakuna aliyetaka kufanya kazi karibu naye. Mvua ilipokuja ililijaza kwa siku tatu. Korongo akaleta samaki mdomoni, akaapa kwamba njiani hakumeza hata mmoja. Miguu ya ndege ikaleta mbegu, na haikupita miezi miwili kingo za bwawa zikaanza kuota vitu vya kijani.

Asubuhi moja Simba aliinama anywe, akauona uso wake. Hakunywa tena. Alikaa pale mpaka adhuhuri akigeuza kichwa kushoto na kulia, akitikisa manyoya ya shingo. Kisha akawaita wanyama wote.

"Hili si bwawa tu, ni bustani," akasema. "Wakwe zangu wanakuja mwezi ujao. Nataka wakute mimea mizuri, na wakute maji ya kujitazama. Namtaka bwana bustani anayeujua kila mmea wa majini kwa jina lake. Huyo atakunywa wa kwanza kila siku, kabla Tembo hajatia miguu."

Sungura alisikia maneno mawili tu: wa kwanza. Wakati huo alikuwa akinywa wa arobaini na mbili, nyuma ya Nyati, na aliyewahi kunywa nyuma ya Nyati hahitaji kuelezwa zaidi.

"Nipo hapa, Mzee," akasema, akijipenyeza katikati ya miguu ya wakubwa. "Mimea ya majini? Babu yangu alizaliwa juu ya jani la yungiyungi. Bibi yangu alikuwa akisuka mikeka ya mafunjo huku amelala."

Ukweli ni kwamba Sungura hakuwahi kulowesha hata ukucha kwa hiari yake. Mimea aliyoijua ilikuwa minne: mchicha, kunde, karanga na majani ya viazi, na yote hiyo aliijulia kwenye mashamba ya watu, tena akiwa na haraka.

"Vizuri," akasema Simba. "Ila wakwe wakikuta uchafu, ngozi yako nitaifanya zulia la kupangusia miguu nikitoka kunywa. Ni ndogo, lakini nitaivumilia."

Kesho yake Sungura akanywa wa kwanza. Maji yalikuwa matamu mpaka akafumba macho. Alipoyafumbua aliitazama mimea, na mimea ikamtazama. Ulikuwepo uliolaza majani juu ya maji, uliosimama na nywele kichwani, na uliojaa kingoni kama fimbo. Kwa kuwa hakujua hata mmoja, aliisalimia yote kwa pamoja.

Ndipo akatokea Fisi, kapu begani, kichwa chini, akitembea kwa ule mwendo wake wa mtu aliyesahau kitu.

"Habari za asubuhi, bwana bustani?"

"Njema. Kapuni kuna nini?"

"Zawadi. Natoka kwa shemeji yangu kwenye ziwa kubwa." Fisi akatoa mmea wenye majani yanayong'aa na ua la zambarau. "Taji la mfalme. Bila shaka unalijua."

"Nalijua sana," akasema Sungura. "Nilikuwa nashangaa utalileta lini."

"Basi unajua pia kwamba haya mengine yote ni magugu."

"Ndiyo hayo. Nilipanga kuyang'oa kesho."

"Kwa nini kesho, kaka, na mimi nipo leo?"

Fisi akaingia majini, akang'oa kutwa nzima. Majani yaliyolala akang'oa, yenye nywele akang'oa, fimbo za kingoni akang'oa, akaenda kuvitupa vyote nyuma ya kichuguu, kisha akalitia lile taji la mfalme majini peke yake. Fisi kufanya kazi bila nyama mbele yake ni jambo ambalo hata kifaranga wa jana angelishtukia. Sungura hakushtuka. Alikuwa amelala kivulini, anaota maji ya asubuhi.

Jioni Simba alikuja kukagua. "Upepo hautaling'oa taji langu?"

"Mzee, mizizi ya hili imeshika mwamba," akasema Fisi. "Tembo akilivuta, mkonga utakatika na lenyewe litabaki hapohapo."

Simba akamgeukia Sungura. "Ni kweli?"

"Nimelipima mwenyewe, Mzee."

Mmea mmoja ukawa mitano, mitano ikawa hamsini, na baada ya hapo hakuna aliyehesabu. Wiki ya tatu ilipofika bwawa lilikuwa limefunikwa ng'ambo hadi ng'ambo, kama limetandikwa busati. Maji yakaanza kunuka. Bata, aliyekuwa akilala kwenye zile fimbo za kingoni, alihamishia mayai yake kwenye pango la Kakakuona na hakuacha kulalamika. Wakati huohuo Fisi alikuwa ananenepa. Manyoya yaling'aa, tumbo likatangulia mbele. Kila asubuhi alionekana kwenye ule upenyo mdogo uliobaki kando ya bwawa, kapu begani, akidai anavuta hewa safi.

Simba akaja kujitazama. Aliinama, akaona majani.

"Uso wangu uko wapi?"

"Uko hapohapo chini, Mzee," akasema Sungura. "Unapumzika."

"Wakwe wanafika baada ya siku tisa. Kesho asubuhi nakuja hapa na wanyama wote, na utanieleza. Usipokuwa na la kueleza, uje bila kujiviringisha vumbini. Sitaki zulia chafu."

Simba alipoondoka, Sungura alikaa kingoni, masikio yameanguka kama majani ya mgomba wakati wa kiangazi. Juu ya jiwe karibu naye alikuwepo Bi Chura, kikongwe wa bwawa lile, aliyekosa pa kuogelea.

"Shikamoo, Bi Chura."

"Marahaba. Mbona umekaa kama anayepimwa sanda? Hebu niambie, ulichopanda humu kinaitwaje?"

"Taji la mfal..."

"Nimekuuliza kinaitwaje."

Sungura akatazama vidole vyake vya miguu.

"Haya, vuta mmoja," akasema Bi Chura.

Sungura akanyoosha mkono kwa woga wa kulowa, akavuta kidogo tu. Mmea ukaja wote, mwepesi kama kofia inayovuliwa. Chini yake mizizi ilining'inia myeusi kama ndevu, haina hata chembe ya tope. Vikonyo vilikuwa vimevimba kama vibuyu vidogo. Alipokiminya kimoja, ndani mlikuwa na hewa.

"Hilo ni gugu maji," akasema Bi Chura. "Halijawahi kushika chini tangu lizaliwe, linaelea tu. Likifunika juu mwanga haupiti, na samaki wanakosa pumzi. Wanakuja juu kutafuta hewa pale kwenye upenyo. Sasa nieleze wewe, msomi, ni nani anayewasubiri pale na kapu?"

Sungura akalikumbuka tumbo la Fisi, akahisi masikio yanapata moto.

"Na yale aliyong'oa yalikuwa nini, bibi?"

"Lenye jani la duara, lililolala majini na lina mkato mmoja kama chapati iliyoanza kumegwa, lile ni yungiyungi. Bua lake linashuka mpaka topeni. Lenye nywele kichwani, ukiliviringisha vidoleni unahisi pembe tatu, ni mafunjo. Zile fimbo zenye pingili, na ndani tundu kama filimbi, ni matete. Zile zilikuwa nyumba, mwanangu. Bata anatotolea humo, samaki wanataga humo. Fisi aliona nyumba zinamzuia kufikia chakula."

"Yote yamekufa?"

"Mengine. Ila nyuma ya kichuguu kuna unyevu, mizizi mingi bado iko hai. Inamtaka mtu asiyeogopa kulowa."

Sungura alifikiri kwa muda wa kutafuna kunde moja. Kisha akaenda kumtafuta Korongo, akamnong'oneza.

Asubuhi wanyama wote walijaa kingoni. Simba alikaa mbele, mkia ukipiga chini. Katikati ya bwawa, juu ya lile busati la kijani, palikuwa na ubavu wa nyumbu, mnene, wenye nyama. Korongo alikuwa ameudondosha pale alfajiri, na ulikuwa umetulia kama uko sahanini.

Fisi akaja na kapu lake begani, limeshaloa chini. Aliuona ubavu kabla hajamwona Simba.

"Karibu, mtaalamu," akasema Sungura. "Mzee ana wasiwasi kidogo. Wakwe wakitaka kutembea juu ya taji lake, litawabeba? Nikamwambia mwenye jibu ni wewe, uliyesema mizizi imeshika mwamba. Nenda kauchukue ule ubavu, Mzee aone. Ukiufikia ni wako."

"Ahsante, kaka," akasema Fisi. "Nimeshiba."

Tangu dunia iumbwe hakuna aliyewahi kumsikia Fisi akitamka neno lile. Nyati aliacha kucheua. Hata hivyo pua ya Fisi haikukubaliana na mdomo wake. Ilinyooka kuelekea katikati ya bwawa, shingo ikaifuata pua, na mguu mmoja ukaifuata shingo.

"Unaogopa?" akauliza Simba. "Si umesema ni imara?"

"Ni imara, Mzee. Imara kabisa."

Hatua ya kwanza ilishika, maana kingoni magugu yalikuwa yamebanana. Ya pili ikatikisika. Fisi akauangalia ubavu, mate yakamtoka, akaruka. Busati likafunguka likammeza mpaka shingoni.

"Nivuteni, jamani," akasema, maji yakimwingia mdomoni.

"Shika mzizi, mtaalamu," akasema Sungura. "Wenyewe umeshika mwamba."

Fisi akashika fungu moja, likamjia mkononi. Akashika la pili, nalo likaja. Akaanza kushika na kutupa, kushika na kutupa, kila fungu likipeperusha ndevu zake nyeusi hewani mbele ya macho ya Simba. Kapu likamtoka begani, likapinduka, na kutoka ndani yake wakaelea perege kumi na wawili aliowavua asubuhi ileile.

"Hao ni majirani zangu," akasema Bata. "Yule wa pembeni nilikuwa namdhania amesafiri."

Tembo alinyoosha mkonga akamtoa. Fisi alisimama kingoni akichuruzika, magugu mabegani, na kichwani ua moja la zambarau lililokataa kuanguka. Simba akamtazama juu mpaka chini.

"Taji limekukaa vizuri," akasema. Kisha akageuza kichwa polepole. "Na wewe, Sungura. Ulilipima mwenyewe."

Sungura aliona njia tatu za kukimbia, zote nzuri. Akabaki. Hata yeye hakuelewa kwa nini, labda ni kwa sababu Bi Chura alikuwa anamtazama.

"Sikulipima, Mzee. Wala babu hakuzaliwa juu ya jani."

"Na bibi yako aliyesuka mikeka amelala?"

"Kulala alilala, Mzee. Kusuka ndiyo hakusuka."

Tembo alicheka mpaka maji yakamtoka mkongani. Simba alitaka kukunja uso, ukamshinda.

"Ngozi yako ibaki mgongoni kwako," akasema. "Mtaingia majini nyote wawili. Fisi atatoa gugu lote, aende kulianika juani mlimani, mbali na mto, na kuanzia leo atakunywa nyuma ya Nyati. Wewe utarudisha kila kilichong'olewa. Bwana bustani ni Bi Chura, na utamsikiliza."

Wakafanya kazi siku nane. Fisi alipanda na kushuka mlima na mizigo ya magugu, tumbo likarudi mahali pake. Sungura aliingia majini mpaka masikioni. Matete na mafunjo aliyakita kingoni, kwenye maji ya kifundoni. Mayungiyungi aliyapanda ndani ya kapu la Fisi lilelile, akalijaza tope na kuweka mawe juu yasije yakaelea, kisha akalishusha chini taratibu.

"Usijaze sana," Bi Chura alikuwa akimwambia kutoka kwenye jiwe. "Nusu ya maji iache wazi, yapate jua. Na jani likioza litoe, usingoje Simba alione."

Siku ya tisa Bata alikuwa amerudi kwenye matete na vifaranga sita. Asubuhi ile Bi Chura alimwita Sungura.

"Mimi kunywa sina haja, humu ndimo ninamolala," akasema. "Ile zamu ya kwanza ichukue wewe. Safari hii umelowa kwa ajili yake."

Wakwe wakafika. Simba aliwaongoza mpaka ukingoni, akauona uso wake, akatulia. Mama mkwe alijitazama, akaridhika, halafu akanyoosha kidole kwenye kichipukizi kimoja kilichojitokeza chini ya mafunjo, chenye majani mawili tu.

"Kijana," akamwambia Sungura, "hiki nacho kinaitwaje?"

Sungura akafungua mdomo. Jina zuri sana lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza.

"Sijui, mama," akasema. "Ngoja nimuulize Bi Chura."

Bi Chura akajongea, akakitazama huku na huku, akakigusa shina.

"Hata mimi sikijui," akasema. "Kimeshika tope, hilo nimeliona. Tukiache mpaka kichanue."

Simba akakohoa, akatikisa manyoya ya shingo.

"Mimi nakijua sana," akasema.

Mama mkwe akainama akanywa, wengine wakafuata, na hakuna aliyemuuliza kinaitwaje.