Milima Mitatu ya Kastori

"Anayeteremka hajui urefu wa mlima." Mmemsikia mama yenu mkubwa akimwambia hivyo mgeni wake, nanyi mkaja kuniuliza maneno hayo yalitoka wapi. Hayakutungwa na mtu aliyekaa akawaza. Yalitoka kwa ndugu wawili na barabara moja, na mambo yenyewe yalikwenda hivi.

Katika kijiji cha Lihangu, kule bondeni kwenye mashamba ya mpunga, aliishi fundi cherehani aliyeitwa Odilo Haule, pamoja na mkewe Skolastika. Kwao Odilo hakukuwa hapo. Kwao ni Itulahu, juu kabisa kwenye baridi, ambako watu hulima viazi na ukungu hauondoki mpaka saa nne za asubuhi. Huko alibaki baba yake, Mzee Gaudensi, na kaka yake mkubwa, Kastori.

Ndugu hawa walipendana. Kila mwaka baada ya mavuno Kastori alipanda baiskeli yake alfajiri huko juu, na kabla jua halijazama alikuwa amekaa kibarazani kwa Odilo anakunywa chai. Akishinda siku mbili tatu, baiskeli ilipakiwa kwenye lori la mpunga, naye akarudi kwao amelala juu ya magunia. Odilo naye, kila alipokwenda kumsalimia baba, alikwenda na lori hilohilo.

Mwaka mmoja Kastori alikuja na ujumbe. "Baba anataka kutugawia lile shamba la mtoni," alisema. "Kikao ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Wazee wote wa ukoo watakuwepo. Usikose, mdogo wangu."

"Na kwa mvua hizi, lori likikosekana?"

"Si una baiskeli? Ni safari ya siku moja, milima mitatu tu. Mguu wako unakanyaga cherehani kutwa nzima, utashindwa na pedeli?"

Wakacheka. Wiki iliyofuata, Kastori akiwa amekwisha kurudi kwao, mto ulichukua daraja na malori yakaacha kupita. Odilo hakuwa na wasiwasi. Ijumaa, kabla ya mapambazuko, alifunga mihogo ya kuchemsha kwenye keria, akaagana na mkewe, akavuka mto na baiskeli begani, akaanza kupanda.

Mlima wa kwanza aliumaliza saa tatu, akiisukuma baiskeli zaidi ya kuipanda, kwa maana ilikuwa ya chuma kizito na haikuwa na gia. Alipofika kileleni aliona si kilele, ni bega tu, na barabara inaendelea kupanda. Akahesabu mmoja. Saa sita alikuwa amehesabu mitatu. Akatazama mbele akitafuta mabati ya Itulahu, akaona mlima mwingine.

Alisimama akashangaa. Akaipindua baiskeli, matairi juu, akadhani breki inashika. Akazungusha gurudumu, likazunguka vizuri kabisa. Akala mihogo iliyobaki, akaendelea.

Alasiri alikutana na mwanamume anateremka mbio na baiskeli iliyobeba mbao. "Samahani, kaka, Itulahu bado mbali?"

"Hapo tu," alijibu yule bila kusimama. "Mimi nimetoka huko asubuhi hii."

Odilo akapata nguvu. Lakini jua lilizama yuko katikati ya mlima wa sita, akalala kwa watu wasiomjua.

Jumamosi, siku ya kikao, aliondoka na baridi. Alipohesabu mlima wa nane aliingiwa na wazo baya: kwamba amepotea. Milima mitatu haiwezi kuwa minane. Lazima kuna njia panda aliyoipita bila kuiona. Basi akageuka, akateremka mlima mzima mpaka bondeni, akamkuta mama mmoja anapalilia viazi, akamsalimu kwa salamu ya huko juu.

"Kamwene, mama. Njia ya Itulahu ni ipi?"

Yule mama alimtazama, akaitazama barabara. "Njia ni hiyo unayotoka. Hakuna nyingine."

Odilo akageuza baiskeli, akaupanda mlima uleule mara ya pili. Hapo hakuwaza tena shamba. Alijiuliza kama miguu yake ina ugonjwa, au kama ndiyo uzee, na miaka yake ni thelathini na minne tu.

Aliingia Itulahu Jumapili saa kumi, matope mpaka magotini. Kastori alikuwa uani.

"Umetoka lini kwako?"

"Ijumaa, kaka. Alfajiri."

"Ijumaa. Na leo Jumapili." Kastori alitikisa kichwa. "Wazee walikungoja jana mpaka jua likazama. Baba amesema mtoto asiyeitika wito hahitaji shamba. Shamba lote amenipa mimi."

Ndani, Mzee Gaudensi alimpa Odilo mkono bila kumtazama. Hilo lilimuuma kuliko shamba.

"Ulisema milima mitatu," Odilo alimwambia kaka yake kwa sauti ya chini. "Mimi nimehesabu kumi na mmoja."

"Barabara ni moja, Odilo. Haiwezi kuwa na mitatu kwangu na kumi na mmoja kwako. Afadhali useme ulikaa kilabuni ukanywa ulanzi, tukusamehe."

 Swali hilohilo Odilo alikuwa akijiuliza mwenyewe siku tatu.

Jumanne alipoaga, Kastori alitoa baiskeli yake. "Twende wote," alisema mbele ya baba. "Nikuonyeshe kuwa ni siku moja."

Na kweli ilikuwa siku moja. Baiskeli zilijiendea zenyewe, breki zikilia, upepo ukiwatoa machozi. Odilo alitafuta milima yake asiione. Pale aliposukuma tangu asubuhi hadi adhuhuri, walipita kwa muda wa kuvuta pumzi. Mara tatu tu barabara iliinuka mbele yao wakalazimika kukanyaga kwa nguvu, na kila mara Kastori aligeuka akasema: mmoja, wa pili, wa tatu. Saa kumi walikuwa kibarazani kwa Odilo.

"Shemeji, umeona?" Kastori alimwambia Skolastika. "Bado jua lipo."

Odilo alikaa, kikombe kikimpoa mkononi. Kaka yake hakudanganya. Mitatu hiyo Odilo mwenyewe ameihesabu kwa macho yake. Lakini yeye naye hakudanganya. Alianza kuogopa kwamba akili yake ndiyo imeharibika.

"Na kurudi, shemeji?" Skolastika aliuliza. "Daraja bado."

"Kurudi ni njia hiyohiyo," Kastori alijibu.

Akaondoka kesho yake, Jumatano. Hawakupata habari zake wiki mbili, mpaka daraja likatengenezwa na lori la kwanza likapita. Kastori alishuka humo, akaja akakaa kibarazani, amekonda kidogo. Chai haikumvutia.

"Niliondoka hapa Jumatano," alisema. "Niliingia nyumbani Ijumaa, giza limeshaingia. Usiku wa pili nililala kanisani, kwenye benchi."

Odilo alimtazama. "Ulihesabu?"

"Nilifika tisa nikaacha kuhesabu." "Miaka yote hii nimekuwa nikiteremka, mdogo wangu. Kupanda nimepandishwa na lori. Nilikuita mlevi mbele ya baba, kwa barabara nisiyoijua."

Basi Odilo akajua akili yake ni nzima. Hakucheka wala hakumlaumu. Aliuliza tu, "Baba umemwambia?"

"Baba ameniambia nikuchukue. Wazee wameitwa tena."

Walipanda na lori. Mzee Gaudensi alimpokea Odilo mlangoni, safari hii akamtazama usoni, akamshika mkono muda mrefu kuliko salamu. Kikao kilipokaa, mzee mmoja wa ukoo, Meinradi, alinung'unika. Alitaka kujua kwa nini jambo lililokwisha kuamuliwa lifunguliwe, na mbona anayelifungua ni yuleyule aliyepewa shamba lote.

Kastori alisimama. Alikuwa amejiandaa kueleza mambo mengi, ya daraja, ya kilabu, ya mbio za baiskeli na benchi la kanisani, lakini yote yalimtoka kichwani, akabaki na moja.

"Ni kwa sababu," alisema, "anayeteremka hajui urefu wa mlima."